Mavumbi madogo ndani ya bwati ya mafuta: tuogope ao tusiogope?

Katika soko za miji yetu ya machimbo, tangu Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, bwati za mafuta ya kujipaka zinazidi kuongezeka. Malori yanazileta kupitia Kasumbalesa, na vijana wanazipanga juu ya meza pembeni ya sabuni na meshi za nywele. Ku etiketi za bwati zingine mutu anasoma neno fupi: nano. Nano ya vitamini, nano ya zahabu, nano ya kila namna.

Neno hilo limezaa masemi mengi. Wamoja wanasema: "Pastere, ile mafuta iko na vidudu vya mashini, vinaingia mu damu na kuandika alama ya munyama." Wengine, zaidi sana vijana, wanajibu: "Hapana, ile njo ya kisasa. Bei iko nguvu, lakini ngozi inageuka mu juma moja." Wa kwanza wanakataa kila kitu, wa pili wanapokea kila kitu. Na katikati yao kuko mutoto mwenye ualbino ambaye wazazi wanaogopa kumupaka mafuta ya kukinga jua sababu ya neno nano, na kuko binti anayepaka sumu ku uso sababu ya neno lile lile. Ndiyo maana inafaa tuchunguze jambo hili polepole, kusudi kila mumoja ajue pahali pa kuogopa na pahali pa kutulia.

NANO NI NINI?

Neno nano linatoka katika luga ya Kigiriki, na maana yake ni kibete, mutu mufupi sana. Wenye elimu wamelichukua kwa kupima vitu vidogo. Kata meta moja vipande elfu: kila kipande ni milimeta. Kisha kata milimeta moja vipande milioni: kila kipande kinaitwa nanometa. Unywele mumoja wa kichwa chako una unene wa nanometa karibu 80.000 ao 100.000. Chembe nyekundu ya damu, ambayo munganga anaitazama kwa darubini, ina upana wa nanometa 7.000 hivi.

Tarehe 29 Desemba 1959 mwalimu mumoja wa Marekani, Richard Feynman, alifundisha kwamba siku moja watu wataweza kutumika na vitu vidogo kabisa, hata kuvipanga kimoja kimoja. Mwaka 1974 Mujapani Norio Taniguchi akatumia neno nanoteknolojia. Basi, hakuna pepo ndani ya neno hili. Ni kipimo, sawa vile kilo na lita.

Kwa mafuta ya kujipaka, sheria ya Ulaya inaita nano chembe ambazo watu wametengeneza kwa kusudi, zisizoyeyuka, na ukubwa wao ni tangu nanometa 1 mpaka 100. Si mashini. Hazina akili, wala haziandiki kitu.

Lakini musiseme: "Kama ni kidogo, hakina nguvu." Zakayo alikuwa mufupi, na sababu ya ufupi wake akafanya jambo ambalo warefu hawakulifanya: akapanda ku muti. Ninyi watu wa machimbo munajua jambo hili kuliko wengine. Kule kiwandani wanasaga mawe kwanza, kisha wanayatia ndani ya asidi. Kwa nini? Kwa sababu jiwe nzima asidi inalipata inje tu, lakini jiwe lililosagwa asidi inalipata pande zote. Kitu ni kile kile, lakini kikiwa unga kinatenda namna ingine. Hiyo ndiyo siri yote ya nano. Chembe ikiwa ndogo sana, rangi yake inaweza kubadilika, nguvu yake inaweza kuongezeka, na pahali inapoweza kufika panabadilika vilevile.

SI JAMBO JIPYA KABISA

Wamoja watashangaa kusikia kwamba watu wa zamani walitumia vitu vya nano bila kujua. Wagiriki na Warumi walikuwa na rangi ya kufanya nywele zenye mvi kuwa nyeusi. Walichanganya oksidi ya risasi na chokaa, wakaipaka ku kichwa. Mwaka 2006 wachunguzi wa Ufaransa walionyesha kwamba rangi ile inatengeneza ndani ya unywele vichembe vya risasi na kiberiti vyenye ukubwa wa nanometa 5 hivi.

Kuko fundisho mara mbili hapo. La kwanza: nano haikuanza jana. La pili: risasi ni sumu, ikiwa ya zamani ao ya sasa. Kwa hiyo neno "cha asili" halihakikishi usalama, na neno "cha kisasa" halihakikishi hatari. Sharti tuulize kila mara: ndani kuna nini, na kinafika wapi?

WANATUMIA NANO KWA KAZI GANI?

Kazi ya kwanza, na iliyo ya faida zaidi, ni kukinga jua. Kuko madini mawili yanayozuia mionzi mibaya ya jua: dioksidi ya titani na oksidi ya zinki. Zinki tunaijua. Kule Kipushi waliichimba kwa miaka mingi mpaka machimbo yakasimama mwaka 1993, na mwaka 2024 yakaanza tena kutoa. Unga wa madini hayo mawili ni mweupe sana. Ule wa titani ndio unaotia weupe ndani ya rangi ya kupaka nyumba. Ukisagwa kwa namna ya kawaida na kutiwa ndani ya mafuta, unaacha uso kuwa kama umepakwa chokaa. Watoto wanachekwa ku masomo, na wanaacha kujipaka. Lakini chembe zikiwa za nano, mwangaza wa kawaida unapita, weupe unapunguka sana, na mionzi mibaya ingali inazuiliwa.

Kazi ya pili ni kubeba. Katika miaka ya 1960 Mwingereza Alec Bangham aliona kwamba mafuta ya namna fulani yakitiwa ndani ya maji yanajifunga yenyewe kuwa mifuko midogo sana, ambayo inaitwa liposomu. Mwaka 1986 kampuni ya Dior ya Ufaransa ikauza pomadi yenye liposomu, jina lake Capture. Mifuko hiyo ni laini, inavunjika na kuyeyuka. Haifanani na chembe ngumu za madini.

Kazi ya tatu ni kungaa. Poda na rangi za midomo zinazometameta zinapata mwangaza wao kutoka jiwe linaloitwa mika, ambalo linafunikwa na ngozi nyembamba sana ya dioksidi ya titani ao ya kutu ya chuma. Unene wa ngozi ile ndio unaochagua rangi inayoonekana. Na mika inatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka Jharkhand, kule Uhindi, na kusini ya Madagascar, na huko watoto wengi wamekutwa wakichimba pamoja na wazazi wao. Sisi tunaojua watoto wanaookota mawe ku machimbo badala ya kukaa ku masomo, hatuwezi kupita juu ya habari hii bila kuhuzunika. Urembo wa mumoja usiwe machozi ya mutoto wa mwingine.

JE, INAINGIA NDANI YA DAMU?

Hii ndiyo swali ambayo wamama wanauliza zaidi. Tujibu kwa utaratibu.

Ngozi ya mutu si kitambaa chenye matundu wazi. Juu yake kuko tabaka la chembe zilizokufa, zinazopangana sawa matofali ya ukuta. Uchunguzi mwingi juu ya titani na zinki za nano umeonyesha kwamba zinabaki ndani ya tabaka hilo la juu, ao katika mashimo madogo ya nywele, kisha zinatoka wakati ngozi inapojibadilisha na wakati tunapooga. Ofisi ya dawa ya Australia, inchi ambayo jua lake linaleta kansere nyingi ya ngozi, ilisoma kazi za wachunguzi mara kwa mara na ikafikia neno hilo.

Mwaka 2010 mwalimu Brian Gulson na wenzake kule Australia walitia alama ya pekee katika zinki ya mafuta ya jua, kusudi waifuate. Walikuta kiasi kidogo sana cha zinki ile ndani ya damu na mukojo. Haikuhakikishwa kwamba ni chembe nzima zilizopita. Inaweza kuwa zinki iliyoyeyuka. Na zinki iliyoyeyuka si mugeni mwilini: tunaikula kila siku katika nyama na maharagi, na mutoto anayeikosa hakui vizuri.

Lakini kuko mulango mwingine, na huo ni hatari: mapafu. Ndugu wanaochimba wanaelewa mbio. Jiwe likikaa ndani ya mukono wako miaka kumi halitakuleta hospitalini. Lakini mavumbi ya jiwe lile, yale madogo kabisa ambayo jicho haliyaoni, yakiingia mapafu kila siku, yanaleta silikozi, ugonjwa wa kukohoa na kukosa pumzi ambao umewazika wanaume wengi wa machimbo. Ni jiwe lile lile. Tofauti ni mulango ambao limepitia.

Ni vile vile kwa dioksidi ya titani. Mwaka 2006 wenye elimu wa shirika la ulimwengu la kuchunguza kansere waliiweka katika hesabu ya vitu vinavyoweza kuleta kansere, sababu ya mavumbi yake yakivutwa katika pumzi. Kamati ya wenye elimu ya Ulaya ilisema katika miaka ya 2012 na 2013 kwamba zinki na titani za nano zinaweza kutumiwa katika mafuta ya jua mpaka sehemu 25 kwa 100, lakini wasizitie katika vitu vya kupuliza ambavyo vinaweza kufikisha chembe ndani ya mapafu. Basi mafuta ya kupaka kwa mukono ni jambo moja, na kopo ya kupuliza ku uso ni jambo lingine.

SHERIA INASEMA NINI?

Umoja wa Ulaya ulifanya sheria mwaka 2009 juu ya vitu vya urembo, nayo ikaanza kutumika tarehe 11 Julai 2013. Inalazimisha kampuni kuandika neno nano, ndani ya alama za mabano, pembeni ya jina la kila kitu ambacho kiko katika hali ile. Kwa hiyo ukiona neno hilo nyuma ya bwati, katika orodha ya vitu vilivyochanganywa, usishituke. Haliko alama ya Shetani. Ni sheria inayomupa munyeji wa kununua haki ya kujua.

Mwezi wa Machi 2024 Umoja wa Ulaya ukaongeza sheria ingine. Tangu tarehe 1 Februari 2025 imekatazwa kuingiza katika soko zao vitu vya urembo vipya vyenye shaba, zahabu, platini, na feza ya namna inayoitwa koloidi, vikiwa katika hali ya nano, kwa sababu wenye elimu walikuwa na mashaka juu ya usalama wao. Musome vizuri: shaba, ule mukuba wetu, na zahabu ambayo wauzaji wanaisifu sana. Kitu kilichofungiwa mulango Ulaya kinaweza kutafuta mulango kwetu. Muuzaji akikuambia "hii ni nano ya zahabu, njo ya wazungu," umujibu kwa upole kwamba wazungu wenyewe wameikataza.

WATOTO WETU WENYE UALBINO

Sasa tufike ku jambo kubwa kuliko yote. Mutoto mwenye ualbino hana rangi ya ngozi inayozuia jua. Hakulaaniwa, wala mama yake hakukosa. Amepokea urizi huo kutoka baba na mama, wote wawili. Na sisi tunakaa pahali pa juu: Lubumbashi ni karibu meta 1.200 juu ya bahari, Kolwezi zaidi ya 1.400. Mutu akipanda juu, mionzi ya jua inazidi. Katika Afrika yetu kansere ya ngozi inaua watu wenye ualbino wangali vijana, wakati inaweza kuzuiliwa.

Kule Moshi, inchi ya Tanzania, hospitali ya KCMC, ambayo iko chini ya shirika la Kikristo lenye jina la Msamaria Mwema, ina pahali pa kutengeneza mafuta ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Wameyaita Kilisun. Hayo ni mahubiri bila maneno mengi. Msamaria wa Luka sura ya 10 hakuuliza kwanza kabila la mutu aliyeumizwa. Alishuka, akatia mafuta na divai juu ya vidonda. Kwa mutoto mwenye ualbino, bwati ya mafuta ya jua si urembo. Ni dawa.

Kwa hiyo mama, kama umepata mafuta ya kukinga jua yenye zinki ao titani, usiyatupe sababu ya neno nano. Hofu ya kitu ambacho hakijaonekana kuumiza ngozi isimupeleke mutoto katika hatari ambayo tunaiona wazi. Lakini jua kwamba mafuta peke yake hayatoshi. Kofia yenye ukingo mupana, nguo za mikono mirefu, na kivuli katika saa za katikati ya siku ndivyo vya kwanza. Mafuta yanakuja kusaidia ku uso, masikio, shingo na mikono. Tafuta hesabu 30 ao zaidi pembeni ya herufi SPF ao FPS, na umupake tena kila saa mbili akiwa inje. Na kidonda kisichopona, usikichezee nyumbani: peleka mutoto kwa munganga.

HATARI INAYOJIFICHA NYUMA YA NENO ZURI

Kuko mafuta mengine yanayoandikwa maneno ya kisasa, lakini kazi yao ni kuchubua ngozi, kujidekape vile vijana wanasema. Hapa tunasema wazi: mara nyingi hatari yao haiko nano. Hatari ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni zebaki. Wanaochimba zahabu kule Ituri na Kivu wanaitumia kwa kukamata zahabu, na wanajua inavyoharibu mwili. Ni zebaki ile ile ndani ya pomadi. Inaharibu mafigo na mishipa ya akili, na inapita kwa mutoto aliye katika tumbo. Mapatano ya Minamata yalikataza vitu vya urembo vyenye zebaki. Ku etiketi inaweza kujificha chini ya jina la mercure, calomel, ao herufi Hg. Na mara nyingine haiandikwi kabisa.

Cha pili ni hidrokinoni. Ikitumiwa miaka mingi, inaweza kuacha madoa meusi yasiyotoka, juu ya uso uleule uliotaka weupe. Afrika Kusini ilikataza mafuta ya kuchubua tangu mwaka 1990.

Cha tatu ni dawa za kortikoidi, kama klobetasoli. Munganga anaziandika kwa ugonjwa wa ngozi, kwa siku chache. Zikipakwa mwili muzima miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka mistari, na kidonda kinakawia kupona. Mama akipasuliwa wakati wa kuzaa, anaweza kuona taabu kubwa.

Na kumbukeni: mutu anayejichubua anaondoa kinga ambayo mutoto mwenye ualbino anailia. Mumoja anatafuta kivuli, mwingine anavunja paa la nyumba yake.

NENO LA MUNGU LINATUFUNDISHA NINI?

Biblia haikatazi mafuta. Esta alipakwa manemane miezi sita na manukato miezi sita mbele ya kuonekana kwa mufalme. Lakini wokovu wa watu wake haukutoka ku ngozi yake. Ulitoka ku ule moyo wake wa kufunga na kujitoa. Na Samweli, alipotazama sura na urefu wa wana wa Yese, Mungu alimukumbusha kwamba Yeye anatazama ndani.

Tena tunasoma katika Mwanzo kwamba mutu aliumbwa kwa mavumbi. Mungu haogopi vitu vidogo. Yeye ndiye aliyevifanya. Anachotuomba ni kutumia akili kwa kulinda uzima. Kueneza uvumi usiochunguzwa ni ushuhuda wa uongo, hata kama tunausema katika chumba cha maombi.

MASHAURI KWA JAMAA

1. Soma nyuma ya bwati, si mbele tu. Bwati isiyo na orodha ya vitu vilivyochanganywa, wala jina la kiwanda, iache ku meza ya muuzaji.

2. Uliza kinafika wapi: ku ngozi nzima, ku kidonda, ao ku mapafu? Usipake vitu vya urembo juu ya kidonda. Usipulize kopo karibu na uso wa mutoto. Poda isipeperushwe ndani ya chumba cha mutoto muchanga.

3. Mafuta yanayoahidi kugeuza ngozi katika siku chache, kimbia mbali nayo, yakiwa na nano ao bila nano.

4. Kama umekwisha kutumia kortikoidi muda murefu, usiache kwa gafula bila kuona munganga. Usione haya, munganga hakukuja kukuhukumu.

5. Ikiwa kuko mutoto mwenye ualbino katika kanisa lenu, washemasi waulize kama ana kofia na mafuta. Sadaka ndogo ya kila mwezi inaweza kumulinda ngozi yake na uzima wake. Tarehe 13 Juni ni siku ya ulimwengu ya watu wenye ualbino. Korali na vijana wanaweza kuitumia kwa kukusanya musaada huo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Katika nyumba yetu tunanunua mafuta kwa kuangalia nini: bei, masemi ya watu, ao orodha ya vitu vilivyo ndani? Ni mutu gani wa jirani anayekosa kinga ya jua? Na sisi wazazi, maneno tunayosema juu ya rangi ya ngozi ya watoto wetu yanawafundisha kujipenda ao kujichukia?

Mungu Baba, aliyetupa ngozi hii na jua hili, awape hekima ya kuchagua na moyo wa kusaidiana. Amina.